Saa kongwe za mkono Pemba: namna ya kutambua asili na bei ya haki

SI jambo geni kisiwani Pemba kufungua kasha la marehemu na kukuta, chini ya kanzu na hati za shamba la mikarafuu, saa ya mkono iliyofungwa kitambaani. Pengine imesimama kwa miaka ishirini. Warithi huitikisa, huitegea sikio, na ikianza kupiga swali huwa moja tu: ina thamani gani?

Swali hilo halijibiwi kwa kutazama jina lililoandikwa usoni. Saa mbili za kampuni moja, zilizotoka mwaka mmoja, zaweza kuwa na tofauti ya bei ya mara kumi. Ndiyo maana wapo wanaouza kwa bei ya kutupa kitu chenye thamani ya ng'ombe wawili, na wapo vijana wanaotoa mshahara wa mwezi mzima kwa saa iliyopakwa rangi wiki iliyopita.

Saa kongwe zilizoko Pemba zimepita katika njia kuu tatu. Ya kwanza ni karafuu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilibaki kuwa ghala la zao hilo, na fedha za mavuno zilikutana na bidhaa za Bombay na Ghuba ya Uajemi zilizoletwa kwa biashara ya bahari.

Njia ya pili ni Oman. Familia nyingi zilihama baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na Sultan Qaboos bin Said alipotwaa madaraka Julai 1970, wenye asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki walikaribishwa kuijenga nchi hiyo. Tangu hapo zawadi za jamaa zimekuwa zikivuka bahari, na saa ni zawadi isiyochukua nafasi katika mzigo. Njia ya tatu ni kulegezwa kwa masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, ambapo bidhaa za Dubai na Mashariki ya Mbali ziliingia kwa wingi.

Kwa hiyo anayetafuta saa ya zamani kisiwani hapa atarajie majina yaliyopendwa katika ukanda wote wa Bahari ya Hindi: West End, Favre-Leuba na Omega za Uswisi, Rado, na kundi kubwa la Seiko, Citizen na Orient kutoka Japani. Akiletewa kitu cha ajabu kupita hayo, aulize kwanza kilivyofika.

Asili maana yake nini

Neno "orijino" hutumiwa ovyo sokoni. Kwa muuzaji wa kawaida lina maana kwamba saa si bandia. Kwa mkusanyaji lina maana nyingine kabisa: kwamba uso, akrabu, bodi, mashine na kile kijifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo vilitoka kiwandani pamoja, na havijabadilishwa.

Kati ya saa halisi na saa bandia, basi, lipo kundi la tatu, nalo ndilo lenye mitego. Hiyo ni saa iliyokusanywa: kila kipande ni cha kweli, lakini uso umetoka kwa saa moja, mashine kwa nyingine na bodi kwa ya tatu. Hutembea vizuri, hupendeza, na haina thamani ya mkusanyaji.

Lisidhaniwe kuwa kundi hilo lote ni la ulaghai. Kisiwani, ambako kipuri cha kiwandani hakikupatikana, fundi mwaminifu alitumia alichokuwa nacho ili saa ya mteja itembee. Kosa huanza pale saa hiyo inapouzwa kama haijawahi kuguswa.

Uso ndio wenye bei

Sehemu ya kwanza ya kuchunguzwa ni uso, yaani lile bamba lenye namba na jina la kampuni. Mkusanyaji husamehe kioo kilichochubuka na mkanda uliokatika, lakini uso ukiharibiwa hakuna cha kuurudisha. Rolex aina ya Daytona zenye uso uliopewa jina la mwigizaji Paul Newman huuzwa kwa bei ya mara kadhaa ya Daytona nyingine za wakati huo, ilhali tofauti yake ipo usoni tu. Ile aliyoivaa Newman mwenyewe iliuzwa na nyumba ya mnada ya Phillips, New York, Oktoba 2017, kwa zaidi ya dola milioni 17.7 za Marekani.

Pemba ina adui wake wa uso, naye ni unyevu. Kisiwa hiki hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na hewa ya bahari ina chumvi. Mpira unaozuia maji ukishachakaa, mvuke hupenya kwenye kioo na kwenye kijifundo, na baada ya masika machache uso huota madoa na akrabu hushika kutu. Saa inayosemwa kuwa imevaliwa shambani na baharini miaka arobaini, nayo ina uso mweupe kama sahani mpya, inastahili kutiliwa shaka kuliko ile yenye madoadoa.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Hulipia mng'ao. Uso wenye madoa machache na rangi iliyopauka kwa usawa ni ushahidi wa umri. Uso uliopakwa upya ni ushahidi wa brashi tu, na kwa kawaida hupunguza bei ya saa kwa nusu au zaidi.

Kuutambua uso uliopakwa upya hakuhitaji mashine. Lenzi ya fundi inatosha, na kamera ya simu ya kisasa nayo hufaa. Maandishi ya kiwandani yana kingo kali kama za noti; ya kupakwa upya huwa manene, yenye kutapakaa, na herufi hazilingani urefu. Vijistari vya dakika vitazamwe kama vinakutana sawasawa na alama za saa zilizopigiliwa. Chini kabisa, pembeni mwa 6, saa ya Uswisi iwe na maneno madogo ya nchi ilikotengenezwa. Mpakaji huyasahau mara nyingi, au huyaweka juu mno.

Saa za Seiko 5 zina tatizo lake. Kwa miaka mingi mafundi wa India, hasa Mumbai, wamekuwa wakikusanya Seiko zilizochakaa, kuzipaka nyuso za rangi kali, nyekundu, bluu ya bahari, au rangi mbili zilizokatana, na kuziuza dunia nzima. Mashine iliyomo huwa Seiko ya kweli, na uso ni ubunifu wa mpakaji ambao kiwanda hakikuwahi kuutoa.

Mng'ao wa gizani

Saa nyingi za zamani zina rangi ing'aayo gizani, nayo husema mengi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vilitumia radiamu, kisha vikahamia kwenye tritiamu, ambayo hutambulishwa kwa herufi T kando ya neno "Swiss" chini ya uso. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja rangi zisizo na mionzi.

Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa ya mwaka 1972 yenye alama hiyo haiwezi kung'aa usiku kama taa. Ikifanya hivyo, rangi imewekwa juzi. Vilevile rangi ya akrabu na ya uso ziwe zimezeeka pamoja. Akrabu nyeupe juu ya nukta za rangi ya chai ni za saa nyingine.

Radiamu ni jambo la afya. Ingawa rangi yake huacha kung'aa, mionzi yake hudumu kwa karne nyingi, na vumbi lake likivutwa puani au kumezwa ni hatari, kama walivyodhurika wasichana waliopaka nyuso za saa viwandani nchini Marekani miaka ya 1910 na 1920. Saa ya namna hiyo isikwanguliwe, wala isichezewe na watoto.

Mfuniko ufunguliwe

Mnunuzi asilipe kabla fundi hajaufungua mfuniko wa nyuma mbele yake. Muuzaji anayekataa huwa ameshajibu swali. Ndani hutazamwa mambo matatu: jina la kampuni kwenye mashine, kutu, na namba.

Seiko ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa kuwa ndiyo imeenea, inafaa ielezwe kwa kirefu. Nyuma ya bodi huandikwa namba mbili za tarakimu nne, kwa mfano 7009 kisha kistari na nyingine nne. Nne za kwanza ni aina ya mashine, na zinapaswa kufanana na zilizoandikwa kwenye mashine yenyewe ndani. Chini ya uso, kwa maandishi madogo sana, tarakimu hizo hizo nne hurudiwa. Nne za mwisho za uso na za bodi hazilazimiki kufanana, jambo linalowachanganya wengi. Ikiwa mgongo unasema 7009 na uso unasema 6309, saa imekusanywa.

Upo pia mfululizo wa tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Oktoba huandikwa kwa alama ya sifuri au O, Novemba kwa N na Desemba kwa D. Namba inayoanza na 82 ina maana ya Februari 1978 au Februari 1988. Muongo hujulikana kwa aina ya mashine na mtindo wa bodi. Muuzaji anayeapa kuwa Seiko yenye mashine ya 7S26 ililetwa na babu mwaka 1975 amekosea kwa miaka ishirini, kwani mashine hiyo ilitoka miaka ya 1990.

Jaribio jingine ni la vidole. Mashine za 7009, 6309 na 7S26 hujiendesha kwa mtikisiko wa mkono na hazitiwi ufunguo. Saa yenye namba hizo mgongoni, ikizungushwa kijifundo na kusikika ikijaa, ina mashine ya kigeni tumboni.

Kijidirisha cha siku nacho hutoa habari. Seiko zilizopelekwa nchi za Kiarabu zilikuwa na majina ya siku kwa Kiarabu na Kiingereza. Saa inayodaiwa kununuliwa Muscat ikionyesha siku kwa Kihispania si lazima iwe bandia, lakini hadithi yake ina kasoro.

Akrabu zikivushwa kwenye 12, tarehe iruke. Saa iliyotegwa kwa majira ya Kiswahili, 12 ikiwa ni magharibi, hubadili tarehe jua linapotua, sawa na siku ya kalenda ya Kiislamu. Mnunuzi asiione hiyo kuwa ni ugonjwa.

Kwa Omega ya zamani yenye kioo cha plastiki, lenzi huonyesha alama ndogo mno ya kampuni katikati ya kioo. Isipokuwapo, kioo kimebadilishwa, nalo si kosa kubwa. Kwa Rado, ile nanga ndogo usoni huzunguka saa inapogeuzwa. Ikigoma, mafuta yamekauka na saa inahitaji huduma, na ikiwa imechapwa tu mahali pa kuzunguka, ni ya bandia. Kwa Rolex za kabla ya katikati ya miaka ya 2000, namba huchongwa kati ya masikio ya bodi, hivyo mkanda lazima utolewe. Namba iliyofutika kwa kusuguliwa hupunguza bei, na iliyokwanguliwa kwa makusudi huzua swali la polisi.

Mkanda, kisanduku na karatasi ni nyongeza njema, zisizothibitisha kitu peke yake.

Saa zenye jambia

Kwa Pemba, yenye ndugu wengi Oman, aina moja inahitaji tahadhari ya pekee. Katika miaka ya 1970 na baadaye, Sultan Qaboos, aliyefariki Januari 2020, aliagiza saa za kuwazawadia maofisa, wanajeshi na wageni. Rolex nyingi kati yake zilinunuliwa kupitia duka la Asprey la London, na kampuni nyingine, ikiwemo Patek Philippe, nazo zilitengeneza. Usoni huwa na nembo ya Oman, jambia juu ya panga mbili zilizopishana, au saini ya Sultan. Baadhi zilitolewa kwa askari wa Uingereza waliopigana katika vita vya Dhofar.

Saa hizo leo huuzwa minadani kwa bei ya mara nyingi ya Rolex ya aina hiyo hiyo isiyo na nembo. Na kwa kuwa thamani yote imo katika mchapo mdogo usoni, waghushi huchapa jambia juu ya uso wa kawaida. Mwenye saa kama hiyo asiisafishe, asiing'arishe, na zaidi ya yote asimruhusu fundi kuubadilisha uso uliopauka kwa mpya. Barua ya utumishi ya marehemu, au picha yake akiwa ameivaa, vyaweza kuwa na uzito mnunuzi wa nje anapotaka uthibitisho.

Tahadhari hiyo haiwahusu wanyonge peke yao. Novemba 2021, mnadani Geneva, Omega Speedmaster ya mwaka 1957 iliuzwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 ilibainika kuwa saa hiyo ilikuwa imekusanywa kwa vipande, na kampuni ikasema waliokuwa watumishi wake walihusika.

Bei ya haki huhesabiwa

Bei ya kuanzia si ile inayotangazwa, kwani kila mtu anaweza kutangaza atakacho. Kinachotafutwa ni bei ambayo saa ya aina hiyo hiyo, yenye namba hizo hizo, imeshauzwa kweli. Mauzo matatu au manne ya mwaka mmoja yatoshe.

Kisha hupunguzwa. Chukulia, kwa mfano tu, Seiko ambayo ikiwa kamili na imeshahudumiwa huuzwa Sh 300,000. Inayouzwa Wete haijafunguliwa miaka kumi, na huduma itagharimu Sh 50,000. Kijifundo si chake, na cha kweli kitagharimu Sh 30,000. Inabaki Sh 220,000. Ikiwa na uso umepakwa upya, igawanywe kwa mbili: Sh 110,000. Anayeomba 250,000 kwa sababu "inatembea" anauza mwendo, na mwendo hupatikana kwa bei ndogo katika saa ya betri. Tangu Seiko ilipotoa saa ya kwanza ya mkono ya aina hiyo, Desemba 1969, hakuna anayenunua saa ya ufunguo kwa ajili ya usahihi.

Bei za minadani nazo hupotosha. Kiasi kinachotangazwa huwa kimejumuisha ada ya mnunuzi, ambayo huongeza takriban robo juu ya bei iliyogongewa nyundo, na muuzaji naye huweza kukatwa ada yake. Familia inayosoma habari ya mamilioni isidhani yote yangeingia mfukoni mwake. Dalali anayenunua ili auze tena lazima apate faida. Akitoa nusu hadi theluthi mbili ya bei ya mwisho hajadhulumu. Akitoa sehemu ya kumi, huku akisema saa ni mbovu na anawasaidia tu kuiondoa nyumbani, ni vyema aonyeshwe mlango.

Saa ya dhahabu ina sakafu yake. Alama ya 750 au 18K humaanisha robo tatu ya uzito ni dhahabu, na 585 ni karati 14. Sonara huipima bodi peke yake, mashine ikiwa imetolewa, na kwa jiwe lake hutofautisha dhahabu na maji ya dhahabu, ambayo hufichuka kwanza kwenye ncha za masikio. Saa isiuzwe chini ya thamani ya madini yake. Na kwa kuwa mwanamume Mwislamu haruhusiwi kuvaa dhahabu, saa ya kiume ya aina hiyo, ikiwa ya kweli, pengine imelala kitambaani kuliko ilivyovaliwa, hivyo bodi yake huwa haijachakaa.

Kabla ya kupeana mikono

Saa ya marehemu ni mali ya mirathi. Haiwi ya mtoto aliyeikuta kwanza, wala ya kaka mkubwa aliyeko mjini. Mnunuzi aulize kama warithi wameridhia, maana mrithi aliyerukwa anaweza kudai haki yake baada ya biashara kwisha. Familia isiyoafikiana inaweza kwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au Mahakama ya Kadhi.

Muuzaji naye anawajibika kutaja kasoro aijuayo. Sheria ya Kiislamu ya biashara humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa iliyofichwa aibu yake, na uso uliopakwa upya bila kusemwa ni aibu ya wazi.

Mauzo yaandikwe, ikiwezekana mbele ya sheha wa shehia, kwa kutaja aina ya saa, namba ya bodi, namba ya mashine kama ipo, vipande vinavyojulikana kubadilishwa, na bei. Picha nne zipigwe siku hiyo hiyo: uso, mgongo, upande wa kijifundo, na mashine mfuniko ukiwa wazi. Nakala moja ibaki kwa muuzaji. Mnunuzi apewe siku moja nzima ya kuitazama saa ikitembea usiku na mchana, kwani mashine yenye mafuta makavu huenda vizuri kwa saa mbili za barazani na kusimama alfajiri.